Kilwa isianze na lami ya Formula One, ianze na vumbi

Dereva bodaboda aliyenibeba kutoka Nangurukuru kwenda Kilwa Masoko mwezi uliopita alikuwa na hoja moja tu, na aliirudia njia nzima kwa sauti kubwa ili upepo usiimeze. "Kaka, nyie waandishi kila siku Simba na Yanga. Tuandikieni na sisi tupate uwanja wa mbio za magari. Rwanda wanajenga, sisi ardhi si tunayo?"

Nilikuwa natoka Ruangwa kuripoti mechi ya Namungo, nimechoka, vumbi la safari limenijaa masikioni. Nikamjibu tu, "Sawa kaka, ila punguza mwendo kwanza." Akacheka. Hakupunguza.

Hoja yake imenikaa kichwani tangu siku hiyo, na leo naomba mashabiki wa soka mnivumilie, maana nataka kuijibu. Simcheki. Barabara ile ya Nangurukuru hadi Masoko ina vipande vilivyonyooka, na usiku ukiingia vijana wanashindana pale. Pikipiki kwa pikipiki, na wakati mwingine gari dogo la mtu aliyetoka Dar kuja kusalimia. Binamu yangu ana chuma mguuni kwa sababu ya mchezo huo, na yeye anajihesabu ana bahati. Kwa hiyo kiu ya mbio Kilwa ipo, tena haisubiri uwanja. Swali ni uwanja wa aina gani na kwa fedha za nani.

Tuanze na hiyo Rwanda. Desemba 2024, Rais Paul Kagame alitangaza Kigali, mbele ya wakubwa wa shirikisho la magari duniani, FIA, kwamba nchi yake inaomba kuandaa Formula One. Ramani ya njia ilichorwa na Alexander Wurz, dereva wa zamani wa mashindano hayo, na eneo likatajwa kuwa karibu na uwanja mpya wa ndege wa Bugesera. Habari ikasambaa Afrika Mashariki nzima, na kijiweni "kuomba" kukageuka "kujenga". Bara letu halijaona mbio hizo tangu Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993. Ndiyo maana kila mtu alisisimka, hata mimi.

Sasa hesabu. FIA hupanga njia za mbio kwa madaraja, na Formula One inataka daraja la kwanza. Njia isipungue kilometa 3.5 (Monaco peke yake ndiyo inayosamehewa), upana wa mita 12, na pale magari yanapoanzia mita 15. Wanasiasa wetu hutuambia kila kampeni kwamba kilometa moja ya lami ya kawaida haipungui Sh1 bilioni. Kijana anaweza kuzidisha kwa tano akasema, "Bilioni tano, mbona Simba wanasajili kwa hela nyingi!" Hapo ndipo tunapojidanganya.

Lami ya mbio siyo lami ya kwenda Mtwara. Inamwagwa kwa tabaka, kila tabaka linapimwa usawa kwa milimita, kwa sababu gari linalokimbia kilometa 300 kwa saa likikuta tuta dogo linapaa. Na lami yenyewe ni sehemu ndogo ya bei. Kuna maeneo ya kuparamia gari likitoka njiani, kuta za kunyonya kishindo, nyavu za kuzuia vipande visimrukie shabiki, gereji za timu, chumba cha waamuzi, mifereji ya maji, umeme usiokatika, zahanati kamili ndani ya uwanja na helikopta ya kumkimbiza majeruhi hospitali. Ukimaliza, leseni unaiomba upya baada ya miaka mitatu.

Uwanja wa Austin kule Texas, uliofunguliwa mwaka 2012, uligharimu zaidi ya dola milioni 300. Ukiweka dola moja kwa Sh2,500, ni Sh750 bilioni na kitu. Uwanja wa soka wa Arusha wa AFCON 2027 ulisainiwa kwa takriban Sh286 bilioni. Bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko yenyewe, ambayo yule bodaboda aliipita na mimi nyuma, ni takriban Sh266 bilioni. Kwa bei ya Austin unajenga karibu bandari tatu za namna hiyo, na mwenye bandari anauza samaki mwaka mzima.

Mwenye uwanja wa Formula One anauza tiketi siku tatu. Halafu kabla ya kuuza hata moja, anawalipa wenye mashindano ada ya kuwaleta, na ada hizo huanzia makumi ya mamilioni ya dola kila mwaka. Malaysia walijenga Sepang, wakaandaa kuanzia 1999, na mwaka 2017 serikali yao ikasema basi, gharama zimezidi faida. India walifungua uwanja wao 2011, wakakimbiza mara tatu, wakakwama kwenye kesi za kodi.

Mfano unaonitisha zaidi ni wa Korea Kusini, kwa sababu unafanana na sisi. Uwanja wa Yeongam ulijengwa pwani ya kusini, mkoa wa mashambani, mbali sana na Seoul, kwenye ardhi iliyofukiwa baharini. Wazo lilikuwa zuri: mbio zilete hoteli, mji uamke. Mwaka 2010 ukaguzi wa mwisho wa FIA ulipita wiki mbili hazijafika kabla ya mbio, lami ikiwa bado mbichi. Wakaandaa hadi 2013, mara nne tu, wakati mkataba ulikuwa wa miaka saba. Wageni hawakutaka kusafiri saa nyingi hivyo kwenda mahali pasipo na vyumba vya kulala.

Jamani, Kilwa tuna vyumba vingapi? Watu wanaokuja kuona magofu ya Kisiwani, urithi wa dunia tangu 1981, bado tunawahesabu kwa mashua.

Na hapa mkoani kwetu tusijifanye hatujui miradi ya namna hii inaishaje. Wazee wa Nachingwea wanalijua neno karanga. Waingereza walikuja mwaka 1947 na matrekta, wakafyeka pori, wakajenga reli kutoka Mtwara, na mwaka 1951 wakafunga virago baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 36 za wakati huo. Reli iking'olewa wala haijazeeka. Hawakuwauliza wenyeji mvua inanyesha vipi wala udongo ukikauka unakuwaje.

Udongo wenyewe ndio huu huu. Kipande cha Ndundu hadi Somanga ni kilometa 60 tu na kilitutesa miaka na miaka, mabasi yanalala kwenye tope, abiria wanasukuma. Lami ikaja, tukashangilia. Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya juu ya mvua zilizokuwa zimeshiba, madaraja kati ya Somanga na Nangurukuru yakasombwa, Lindi na Mtwara zikakatwa na Dar. Ile ni barabara kuu ya kusini, roho ya mikoa miwili. Kama hiyo imesombwa, mkandarasi gani atakuhakikishia usawa wa milimita kwenye udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi? Atakuhakikishia, ndiyo, ila bei yake utaisikia.

Kwa hiyo nimwambie bodaboda wangu asahau? Hapana.

Silverstone ya Uingereza, tunayoiona leo kwenye televisheni, ilikuwa kiwanja cha ndege za vita. Mwaka 1948 waliandaa mbio kubwa pale kwa kupanga marobota ya nyasi na mapipa kwenye kona. Kenya wanaziita mbio hizi langalanga, jina la sehemu ya Bonde la Ufa walikokuwa wakishindania magari enzi za mkoloni. Na Safari Rally iliyoanza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilikimbizwa kwenye barabara zetu za vumbi na matope. Iliporudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, Wakenya hawakumwaga lami Naivasha. Vumbi lenyewe ndilo linalowaleta Wazungu. Lewis Hamilton naye alianza na vigari vidogo akiwa na miaka minane, hakuanzia Monaco.

Namungo tunayojivunia haikuanza na uwanja wa watu 60,000. Walianza na timu.

Ninachokiona mimi ni kiwanja cha vumbi. Halmashauri itenge eneo la wazi nje ya Nangurukuru, lisilo na mgogoro, maana fidia nayo inaweza kuua mradi kabla ya greda kufika. Greda lifanye kazi wiki moja kiangazi, kati ya Juni na Oktoba. Njia ya kilometa moja na nusu ya kuzunguka, kona zilindwe kwa matairi chakavu na vifusi vya udongo, watazamaji wakae upande mmoja tu, tena juu ya kichuguu siyo kwenye kona. Chama cha magari nchini, AAT, kitume watu wa kufundisha waamuzi na wapeperusha bendera. Gari la wagonjwa na daktari wawepo, wasipokuwepo mbio haianzi, hata mkuu wa wilaya awe ameshakaa. Pikipiki zikimbie asubuhi, magari mchana.

Sitaki kusema ni bure. Kofia ngumu nzuri ni ghali, bima ni ghali, na kila mwaka baada ya masika greda lazima lirudi. Kuna atakayesema unawafundisha vijana mwendokasi ili waukimbize barabarani. Hofu hiyo naielewa, ila hao vijana tayari wako barabarani, usiku, bila kofia, na lori la saruji linakuja mbele yao.

Tulipofika Masoko nilimuuliza bodaboda, pakiwa na kiwanja hicho, angelipa kiingilio cha kushindana Sh10,000? Akafikiri kidogo, akaangalia tairi lake la nyuma lililokwisha meno.

"Hiyo nalipa kaka. Ila waseme tarehe mapema, nibadilishe tairi."