KADI ZA MAVAZI

Mtoto wa Maretadu, huko Mbulu, aghalabu huingia shule akijua Kiiraqw tu, nacho ni katika jamaa ya lugha za Kikushi. Lugha hiyo hupanga majina kwa jinsi, ya kiume na ya kike na ya tatu. Haina ngeli zetu za Kibantu. Basi akisema "kiatu yangu" wenziwe humcheka, naye hunyamaza. Akinyamaza, masomo yote humpita, kwani shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili tangu 1967.

Twaona dawa yake ni mchezo wa kukisia. Kateni boksi vipande, mchore juu yake kiatu, kilemba, koti, kofia, mtandio. Mmoja huficha kadi yake akasema: "Chavaliwa." Sikio lililozoea hutambua mara moja kuwa si koti wala kofia. "Chavaliwa kichwani?" "La." "Kiatu!" Lau angalisema "lavaliwa", lingekuwa koti. Hapo ngeli ndiyo ufunguo, na hapana kanuni iliyokaririshwa.

Wako wazee watakaokunja uso wakidhani ni karata. Kamari imekatazwa katika Sura ya 5, aya ya 90, na hofu yao ni ya haki. Lakini hapa hakuwekwi kitu wala haliwi mtu. Hata pipi ya mshindi msiiweke.

Na yule mtoto mkimya apewe kadi kwanza. Mwenye siri huulizwa na wote, naye hana budi kujibu.