Msipake Rangi Juu ya Picha za Wazee

Wako kati yetu wanaosema: «Picha za zamani za shirika letu zimekuwa nyeusi. Tumwite fundi apake rangi mpya, zing'ae kwa sikukuu.» Wengine wanajibu: «Ziacheni zioze, feza ni za maskini.» Wote wamekosa.

Tutazame mji wa Venezia, kule Italia. Mwaka 1478 walei walianzisha shirika la Mtakatifu Roko, mwombezi wa wenye tauni, ili kusaidia wagonjwa na maskini. Tangu 1564 mchoraji Tintoretto alifanya kazi katika nyumba yao, naye akawa ndugu wa shirika. Mwaka 1577 aliahidi kuwapa picha tatu kila mwaka, kwa dukati 100 tu.

Juu, kwenye dari ya ukumbi mkubwa, alichora nyoka wa shaba akiponya walioumwa, Musa akitoa maji mwambani, na mana ikishuka. Ugonjwa, kiu, njaa: ndizo shida walizozihangaikia ndugu wale. Je, picha hizo ziliwanyang'anya maskini kitu? Hapana! Kila ndugu alipoinua macho alikumbushwa kazi yake.

Nanyi mnaotaka rangi mpya, sikilizeni. Moshi wa mishumaa na vanishi ya kale hutia picha giza, lakini mara nyingi rangi ya mzee ingali chini yake. Fundi mjuzi huondoa uchafu kidogo kidogo kwa pamba, na penye pengo tu hutia rangi inayoweza kuondolewa baadaye. Anayepaka juu ya yote hatengenezi picha, anaizika.

Utawala wa Napoleon ulipovunja mashirika ya Venezia, tangu mwaka 1806, lile la Mtakatifu Ursula lilikufa. Picha zake, kazi ya Carpaccio, ziko leo katika makumbusho ya Accademia. Zinatunzwa vema, lakini ndugu wa kusali mbele yake hawako tena. Shirika la Mtakatifu Roko lilipona, na hata leo linatunza picha zake lenyewe.

Basi, viongozi wa mashirika, zibeni paa linalovuja. Sogezeni mishumaa mbali na picha. Wekeni akiba ndogo kila mwezi, na msiguse picha kabla ya kumwuliza mjuzi. Wazee wetu walizilipa kwa jasho, nao wanangoja sala zetu. Tusiwafute ukutani.