Pikipiki ya Munro haikuharibiwa

Wako wapenzi wa pikipiki za kale wanaoshikilia kwamba chombo cha zamani hupoteza thamani mara mwenyewe anapokigusa. Kibaki kama kilivyotoka kiwandani, basi. Kwa chombo kilichosalia kimoja tu duniani nakubaliana nao. Lakini wakiifanya kuwa kanuni ya vyombo vyote, watakuwa wameifuta kazi ya Burt Munro wa Invercargill, kusini mwa New Zealand. Pikipiki yake, Indian Scout ya mwaka 1920, ilikuwa na injini ya cc 600 na haikuweza kufika hata kilomita 90 kwa saa. Alianza kuirekebisha mwaka 1926 na hakuiacha hadi uzeeni. Pistoni alizimimina mwenyewe, akitumia makopo kuukuu kama kalibu. Konrodi alizichonga kwa mkono kutoka kwenye ekseli ya trekta. Vipuri vilivyopasuka hakuvitupa, alivipanga rafuni, na kila kimoja kilimwonyesha mahali chuma kilipozidiwa. Agosti 1967, Munro alipokuwa na miaka 68, chombo hichohicho, sasa cha cc 950 hivi, kiliweka rekodi ya daraja lake kwa zaidi ya kilomita 295 kwa saa kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah, Marekani.

Watasema hiyo si Scout tena. Mimi naona ni Scout kuliko nyingine zote, kwa kuwa hakuna aliyeijua injini ile kwa undani kama yeye, hata walioiunda. Scout zilizohifadhiwa bila kuguswa zinatuonyesha wafanyakazi wa kiwanda cha Indian huko Springfield, Marekani, walijua nini mwaka 1920. Ya Munro inatuonyesha mtu mmoja alijifunza nini kwa zaidi ya miaka arobaini, na elimu hiyo haimo katika kitabu chochote cha kiwanda. Hoja ya usalama ni nzito zaidi. Munro alianguka na kuumia zaidi ya mara moja, na pikipiki iliyopandishwa nguvu kwa ajili ya mbio haifai kupelekwa barabarani penye watoto na wauza mboga. Hilo linatutaka tutenge mahali pa mbio, si kumnyang'anya fundi spana. Mnunuzi anayeng'oa pistoni zilizotengenezwa kwa mkono wa fundi mwenyewe na kurudisha za kiwandani ili bei ipande, huyo ndiye anayeharibu pikipiki ya kale.