Reli ya Vita na Shingo za Wapagazi

Kila muhula hakosi mwanafunzi wa kuniambia kwamba Mjerumani, pamoja na ukatili wake wote, alituachia reli. Nami humwuliza: alimwachia nani, na wapi? Pale Biharamulo aliacha boma, nalo lingalipo. Reli hakuacha.

Kuanza alianza. Mwaka 1914 njia ilianza kujengwa kutoka Tabora kuelekea kona ya mto Kagera, pande za Ngara na Rwanda. Agosti vita vikazuka, kazi ikasimama. Lakini reli za kijeshi hazikukosa chuma wala vibarua. Kati ya Mombo na Handeni Wajerumani walitandika njia nyembamba ya matoroli yaliyosukumwa kwa mikono ya watu. Waingereza nao, mwaka 1915, waliivuta reli kutoka Voi kuelekea Taveta ili wamfikie adui. Na Mjerumani aliporudi nyuma mwaka 1916 aliyalipua madaraja ya Reli ya Kati aliyoyajenga mwenyewe. Huyo ndiye aliyetuachia reli!

Mwaka huohuo, mwezi Juni, majeshi ya Wabelgiji yaliingia Biharamulo yakitokea Rwanda, yakielekea Tabora, waliyoitwaa Septemba. Behewa lao lilikuwa shingo ya mpagazi: risasi, unga, mahema, vyote kichwani. Kwa upande wa Waingereza pekee, hesabu zao wenyewe zinakiri wapagazi zaidi ya 90,000 waliokufa, wengi kwa maradhi. Dar es Salaam walau ina Kariakoo, jina lililotokana na kikosi hicho (sijui ni wangapi wanunuao vitenge pale wanaolijua hilo). Biharamulo sijaona hata jiwe la kuwakumbuka.

Leo inazungumzwa tena reli, ya kisasa, kutoka Isaka hadi Kigali kupitia Rusumo wilayani Ngara. Enyi mlio katika ofisi za mipango, baadhi yenu nimewafundisha: kila nisikiapo habari zake, nasikia makasha ya bandari na nikeli ya Kabanga. Mizigo inayopita na mizigo inayoondoka. Sijasikia mkulima wa kahawa wa Rulenge atapakilia gunia lake stesheni ipi, wala kwa nauli gani, wala ni nani aliyekwenda kumwuliza.