Ukiumia kazini, usikatae kazi nyepesi kwa mdomo

Msimu wa mahindi ukifika, mashine za kusaga na kukoboa za Majengo, mjini Songea, hazipumziki. Vijana wanapakua magunia, wanalisha mashine na kufunga unga. Katika kazi kama hii, kidole kunaswa na mkanda au mgongo kutenguka chini ya gunia si jambo la ajabu.

Tuchukue mfano wa mpakiaji aliyeumia mgongo. Baada ya wiki sita tajiri anamwita: njoo ukae kwenye mizani, uandike kilo. Kijana anakataa. Anahofia kwamba akionekana pale fidia yake itakatwa, na wiki ijayo atarudishwa kwenye magunia. Tajiri naye anaona huyu ni mvivu, anataka kula bure. Nani mwenye haki?

Kwa mtazamo wangu, wote wawili wanabishana bila kumuuliza anayepaswa kuulizwa kwanza, yaani daktari.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi Julai 2015. Mfanyakazi aliyeumia na kushindwa kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Aliyekuwa akipata Sh300,000 kwa mwezi atapata Sh210,000. Lakini malipo hayo si mshahara wa kudumu. Hukoma mtu anapopona na kurejea kazini, na ulemavu ukithibitika kuwa wa kudumu, hesabu yake ni nyingine.

Kwa upande wa ajira, Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri atafute kazi mbadala kabla ya kufikiria kumwachisha mtu kwa sababu ya afya. Aliyeumia akiwa kazini anastahili juhudi kubwa zaidi. Kwa hiyo tajiri anayetoa kazi ya mizani hatoi sadaka, anatimiza wajibu.

Hapo ndipo vijana wetu wanapojikwaa. Ukikataa kila unachopewa bila sababu, unampa mwajiri hoja: nilitafuta mbadala, akakataa. Siku ya shauri mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hoja hiyo ina uzito.

Hata hivyo, si kila kinachoitwa kazi nyepesi ni nyepesi. Wapo wanaompa mgonjwa kiti asubuhi, na mchana wakamwambia "tusaidie magunia mawili tu". Kazi inayopingana na maelekezo ya daktari una haki ya kuikataa. Lakini kataa kwa karatasi. Mwombe daktari aandike, kwenye ile karatasi tuliyozoea kuiita ED, usichoruhusiwa kufanya: kuinama, kubeba, kusimama muda mrefu. Mpe mwajiri nakala, nyingine ibaki kwako.

Waajiri nao wasijifiche. Ajali inatakiwa iripotiwe WCF ndani ya siku saba, na madai yasipite miezi 12. Mchango wa mwajiri ni asilimia 0.5 ya mishahara. Kwa kijana wetu wa Sh300,000 ni Sh1,500 kwa mwezi, na haruhusiwi kumkata mfanyakazi hata senti. Mwenye mashine anayekwepa kiasi hicho hana uso wa kumwita majeruhi mvivu.

Ushauri wangu ni huu. Tajiri, andika kazi unayotoa, saa zake na malipo yake, kisha ipelekwe kwa daktari. Kijana, daktari akiikubali, nenda kakae kwenye mizani. Kukaa kazini huku ukipona kunalinda ajira yako. Mgongo ukipona utakuta nafasi yako ingalipo, na usipopona, karatasi zako zitakusemea.