Jino Likishang'olewa Halirudi

Mtoto anapolia usiku kwa maumivu ya jino, mzazi wa Gerezani husema jino limeingia mdudu. Hakosei sana. Mdudu yupo, ila si funza. Ni bakteria wasioonekana kwa macho, na mkubwa wao, aitwaye Streptococcus mutans, aligunduliwa katika meno yaliyooza na Clarke wa Uingereza mwaka 1924. Bakteria hao hula sukari na kutoa asidi. Asidi hiyo ndiyo inayolimomonyoa jino.

Basi mtoto anayemumunya peremende tangu asubuhi hadi jioni huwalisha maadui hao mchana kutwa, na jino halipati nafasi ya kupumzika.

Kungoja jino lioze ndipo ling'olewe si kinga. Hatuna budi kuanzia langoni mwa shule. Walimu na kamati za shule wakubaliane na wauzaji, ili badala ya peremende na barafu za rangi pauzwe matunda na karanga, vitu ambavyo havikosekani Kariakoo. Nyumbani, wazazi wahakikishe watoto wanapiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, hasa kabla ya kulala.

Jino la utoto likitoka huota jingine. La ukubwani likitoka, limekwenda.