Kutoka Karavia hadi baharini: shaba imepata njia, abiria je?

Kila mwaka, mwezi wa sita, hoteli kubwa ya Karavia, pale kando ya ziwa mjini Lubumbashi, inajaa wageni wa mkutano wa madini, DRC Mining Week. Watu wa serikali, wa benki na wa makampuni wanaongea juu ya njia za kufikisha shaba na kobalti baharini: Lobito upande wa Angola, Dar es Salaam upande wa Tanzania. Nje ya geti la hoteli swali ni lingine. Mama anayefuata nguo Kariakoo, mgonjwa anayetafuta matibabu, kijana aliyepata nafasi ya masomo: wao watafika Dar namna gani?

Wengi wanapanda bisi. Lubumbashi hadi Kasumbalesa ni karibu kilometa 90, halafu ni kuikata Zambia: Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, Mpika, mpaka Nakonde. Ukivuka unakuwa Tunduma, na bado kuna Mbeya, Iringa na Morogoro mbele yako. Jumla inakaribia kilometa 2000. Kuna bisi za moja kwa moja, na kuna watu wanaokatakata safari kidogo kidogo ili kupunguza makuta. Siku mbili ni bahati, tatu si ajabu.

Tabu yenyewe iko Kasumbalesa. Malori ya madini yanapanga foleni ndefu sana, na bisi inatafuta nafasi katikati yake. Tena mpaka huo unaweza kufungwa kwa mambo ambayo abiria hahusiki nayo hata kidogo. Mwezi wa nane 2024 Zambia iliufunga kwa siku chache, pamoja na ile ya Mokambo na Sakania, kwa sababu ya ugomvi juu ya bia na vinywaji baridi vyake ambavyo Kongo ilikuwa imezuia visiingie. Aliyekuwa na tiketi ya bisi mkononi alibaki anangoja wakubwa wapatane. Nakonde na Tunduma hali ni afadhali: tangu 2019 kuna kituo cha pamoja, shughuli za nchi zote mbili zinafanyika mahali pamoja.

Hapo ndipo inapoonekana kasoro ambayo haisemwi sana. Kongo iliingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi wa saba 2022, na mwaka 2023 Kinshasa na Dodoma zikakubaliana kuondoleana viza. Habari nzuri, lakini Kongo na Tanzania hazina mpaka wa nchi kavu hata mita moja. Zinakutana ndani ya maji ya Ziwa Tanganyika. Mtu wa Haut-Katanga akitaka kufika kwa ndugu yake wa Jumuiya kwa barabara, lazima apite Zambia, ambayo si mwanachama. Hata Kiswahili kinalala Kasumbalesa na kuamka Tunduma. Katikati ni Kibemba, na Walushi wengi kwa bahati wanakijua.

Na reli je? TAZARA, iliyojengwa na Wachina na kukabidhiwa mwaka 1976, inatoka Kapiri Mposhi hadi Dar, kilometa 1860. Kwa miaka mingi treni zake za abiria zimejulikana kwa kuchelewa, saa nyingi na pengine siku, kwa hiyo ni lazima kuuliza stesheni kwanza kama treni ipo kabla ya kufunga mzigo. Mwezi wa tisa 2025 kampuni ya Kichina CCECC ilisaini mkataba wa miaka 30, wa dola bilioni 1,4, wa kuifufua. Kinachohesabiwa humo kwanza ni tani. Lakini angalieni jambo hili: reli ya SNCC, ya Zambia na ya TAZARA zote zina upana mmoja, milimita 1067. Behewa la shaba linaweza kutoka Lubumbashi, likapita Sakania na Ndola, likafika bandarini Dar bila kubadilisha magurudumu. Abiria ndiye anayeshuka na kupanda, anashuka na kupanda. Reli hiyohiyo ilifika Lubumbashi kutoka kusini mwaka 1910, na enzi ya ukoloni watu walisafiri juu yake mpaka Cape Town. Mabehewa mawili ya abiria hadi Kapiri Mposhi yangekuwa na gharama ndogo sana ukilinganisha na mabilioni yanayotajwa Karavia.

Lobito si jibu kwa sasa. Reli ya Benguela, kilometa 1344 kutoka Lobito hadi Luau mpakani, ilikabidhiwa mwaka 2023 kwa kampuni tatu kwa ajili ya mizigo, na upande wa Kongo njia bado ni mbovu.

Kwa watu wa Tanganyika na Kivu ya Kusini, njia ni ziwa: Kalemie hadi Kigoma kwa chombo, kisha reli ya kati ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914. Kuanzia Dodoma hadi Dar kuna treni ya umeme tangu 2024, chini ya saa nne. Mlushi naye anaweza kwenda Kalemie kwa treni ya SNCC kupitia Kamina na Kabalo, lakini safari hiyo ni ya mtu asiye na haraka. Ziwani, chombo kilichopakia magunia mpaka juu, bila jaketi za kuokolea, ni afadhali kukiacha kiende.

Ndege kutoka Luano ipo: kupitia Addis Ababa au Nairobi, na Air Tanzania nayo imekuwa ikifika. Kwa bei yake, mfanyabiashara mdogo anamaliza mtaji angani.

Anayeondoka wiki hii abebe pasipoti na kadi ya manjano ya chanjo, maana Tanzania inaidai kwa wanaotoka Kongo. Na akifika Tunduma asogeze saa yake mbele saa moja, asije akaachwa na bisi ya Mbeya.